Umeme Umekwisha Kuingia Mweru

"Utachomeka wapi?"

Swali hilo fupi ndilo linalofunga mazungumzo kila gari la umeme linapotajwa kaskazini mwa Zambia, na anayeliuliza kwa kawaida hangoji jibu. Nchelenge iko mbali, takribani kilometa 1,000 kwa barabara kutoka Lusaka, ukingoni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo yake ni Kongo. Umeme wa gridi upo mjini lakini hukatika. Vijiji vingi vya kandokando ya ziwa havijawahi kuunganishwa. Fundi wa gari la umeme haonekani. Basi, husemwa, mambo ya betri waachiwe watu wa Norway na China, wenye lami laini na nyaya kila ukuta. Mtu wa Mweru abaki na petroli yake, ambayo angalau anaweza kuibeba kwenye dumu.

Wanaosema hivyo wamejionea wenyewe wanachokisema. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame uliomfanya Rais Hakainde Hichilema atangaze janga la taifa tarehe 29 Februari. Maji ya bwawa la Kariba yakapungua, na shirika la umeme, ZESCO, likafikia hatua ya kukata umeme kwa saa 20 na zaidi kwa siku. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ulikuwa ukitoka kwenye maji ilijifunza giza kwa uchungu. Aliyekaa mwaka mzima akichaji simu kwa kuvizia hawezi kulaumiwa akiguna anapoambiwa achaji gari.

Hata hivyo hoja yenyewe ni mbovu, na ubovu wake unawagharimu watu wa ziwa fedha kila alfajiri mashua zinaporudi. Imejengwa juu ya picha ya gari lisilokuwepo Nchelenge, juu ya petroli inayodhaniwa kuwa rahisi kuliko ilivyo, na juu ya kusahau jambo ambalo wavuvi wa Mweru wamekwisha kulifanya kwa mikono yao.

Tuanze na hilo gari. Mijadala ya umeme na petroli huendeshwa kana kwamba duniani kuna chombo kimoja cha kusafiria: gari dogo la familia, viti vitano, gereji nyumbani. Simama asubuhi kwenye soko la Kashikishi, mji wa samaki ulioshikana na Nchelenge, uhesabu vinavyopita. Baiskeli zenye magunia ya chisense, dagaa wa Mweru, zimefungwa hadi mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Pikipiki zimebeba abiria wawili na mzigo. Malori yanasubiri shehena ya kwenda mkoa wa Copperbelt. Majini kuna mitumbwi ya kasia, mashua za mbao, na chache zenye mashine nyuma. Gari dogo la binafsi ni la mwalimu mkuu, la afisa wa wilaya, la mfanyabiashara aliyefanikiwa. Anayepima uwezekano wa umeme Nchelenge kwa kuuliza kama gari la kifahari litafika kutoka Lusaka anapima kitu ambacho wenyeji wengi hawakiendeshi.

Swali lenye maana ni dogo na la karibu: pikipiki ya kutoka Kashikishi hadi vijiji vya barabara ya Chiengi, na mashua ya kutoka mwaloni hadi penye nyavu, viendeshwe kwa nini?

Hapo petroli inaanza kuonekana katika umbo lake halisi. Zambia haina kisima cha mafuta wala bandari ya bahari. Mafuta yake hununuliwa ng'ambo ya bahari, na sehemu kubwa hushushwa Dar es Salaam. Kutoka hapo kuna bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wanaikumbuka sababu ya kujengwa kwake: Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, njia ya kusini ya mafuta ikafungwa, na Zambia, nchi ya mwaka mmoja, ikabaki ikipokea mapipa kwa ndege na kwa malori yaliyokuwa yakianguka kwenye matope ya barabara ya Tunduma. Bomba lilikuwa tendo la ukombozi. Kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi hadi kiwanda cha Indeni, Ndola, kilichoanza kusafisha mwaka 1973. Mwisho wa 2021 Indeni iliacha kusafisha, bomba likageuzwa kubeba dizeli iliyokwisha kusafishwa, na petroli ikabaki kutegemea malori.

Kutoka Copperbelt safari ya lori la mafuta haijaisha. Hukata njia kupitia kipande cha ardhi ya Kongo kinachoingia ndani ya Zambia kama kidole, huvuka Luapula kwa daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, au huzunguka kupitia Serenje na Samfya. Kisha Mansa. Kisha Mwense, Mbereshi, Mwansabombwe kwa mtemi Mwata Kazembe, na ndipo Nchelenge, zaidi ya kilometa 200 baada ya Mansa. Mvuvi wa Kisiwa cha Kilwa, ambacho wageni hukichanganya na mji wa Kilwa ulio upande wa Kongo na ndugu zetu wa pwani hukichanganya na Kilwa Kisiwani, anaongeza mguu mmoja wa mwisho: dumu ndani ya mashua.

Bei ya kituoni huwekwa na Bodi ya Udhibiti wa Nishati, ERB, ambayo huipitia kila mwezi. Mwaka 2024 lita ya petroli ilivuka Kwacha 30. Bei hiyo inatakiwa kuwa moja nchi nzima, na hilo ni jambo jema kwa Luapula. Lakini bei ya ERB inaishia kwenye pampu. Petroli inayouzwa kwa chupa kijijini, au kwa dumu kisiwani, ina bei ya aliyeibeba. Vita vikizuka Ulaya, kama mwaka 2022, au Kwacha ikishuka mbele ya dola, mwenye pikipiki Kashikishi hulipa, ingawa hana ugomvi na mtu yeyote wa Ulaya.

Hiyo ndiyo petroli inayoitwa ya kutegemewa. Inaonekana ya kutegemewa kwa sababu wengine wamebeba taabu yake mbali na macho, na kwa sababu watu wamezaliwa wakaikuta.

Na kuna jambo lisilosemwa kabisa katika mabishano haya. Pampu ya kituo cha mafuta huendeshwa kwa umeme. Gridi ikizimika, mwenye kituo huwasha jenereta, na jenereta hunywa dizeli iliyosafiri njia ndefu ileile. Katika miezi ya giza ya 2024, uuzaji wa petroli wenyewe ulikuwa unategemea umeme wa kubahatisha. Anayesema "umeme unakatika, tubaki na petroli" anazungumza kana kwamba vitu hivyo viwili havishikani mkono.

Sasa ukame. Hapa hoja ya wapinzani inaonekana imara kuliko kwingine, na hapa ndipo inapostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Kariba iko kwenye mto Zambezi. Mweru haiko huko. Maji yake hutoka Chambeshi, hupita Bangweulu, hushuka kwa Luapula, hujaza ziwa, kisha hutoka Pweto kwa mto Luvua kuelekea Lualaba na hatimaye mto Kongo na Atlantiki. Ni bonde jingine kabisa, lenye mvua nyingine. Ukame wa 2024 ulitangazwa kuwa janga katika wilaya 84 kati ya 116, na zilizoumia zaidi zilikuwa za kusini, magharibi na katikati ya nchi. Mkoa wa Luapula ulikuwa na mvua. Mto Kalungwishi, unaoingia Mweru kwa upande wa mashariki, uliendelea kumwaga maji kwenye maporomoko ya Lumangwe, Kabwelume na Kundabwika kama ulivyomwaga siku zote.

Kwa hiyo Nchelenge ilikaa gizani kwa ukame wa mto usio wake. Mradi wa kuzalisha megawati 247 kwenye Kalungwishi umezungumzwa kwa miaka mingi, na maporomoko bado yanapiga miamba bure. Kituo cha Musonda, kwenye mto Luongo mkoani humohumo, kilipanuliwa kutoka megawati 5 hadi 10, ushahidi kwamba mkoa unaweza kujizalishia walau sehemu. Somo la 2024 kwa watu wa Mweru lilipaswa kuwa hili: kutegemea bonde moja la mto lililo mamia ya kilometa kusini ni hatari. Badala yake limegeuzwa kuwa somo kwamba umeme wenyewe ni hatari. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunawanufaisha wanaouza mafuta.

Lakini hata Kalungwishi si lazima ingojewe. Jibu la "utachomeka wapi" limekwisha kutolewa ziwani usiku.

Chisense huvuliwa gizani kwa mwanga. Wavuvi huingia ziwani mwezi ukiwa haupo, huwasha taa, samaki hukusanyika chini yake, na wavu huinuliwa. Uvuvi huu ulipokua kwa kasi kuanzia miaka ya 1980, taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Karabai ililazimu kupigwa pampu, ilivunja vioo, ilipasua soksi zake upepo ulipovuma, na kila usiku ilikunywa mafuta yaliyonunuliwa kabla samaki hajapatikana. Mvuvi aliingia ziwani akiwa na deni. Usiku mbaya ulipita bila samaki, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha kuungua.

Karabai zimeondoka. Kwenye Mweru kama ilivyo Tanganyika na Viktoria, nafasi yake imechukuliwa na taa za LED zinazowashwa kwa betri, na betri hizo huchajiwa kwa paneli ya jua au kwenye duka la mwenye umeme. Mageuzi hayo hayakungoja gridi ifike visiwani, wala mafundi wafunzwe vyuoni, wala semina. Yalipita kwa sababu taa mpya ilipunguza matumizi ya kila usiku, na mvuvi anajua kupiga hesabu. Huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kampuni ya OSRAM ilianza mwaka 2008 kukodisha taa za kuchajiwa kwa wavuvi wa dagaa. Baadaye shughuli ya namna hiyo ikaendelezwa na WeTu, ambayo hukodisha taa na betri kutoka vituo vyenye paneli. Mvuvi halazimiki kuinunua betri. Anachukua jioni, anarudisha asubuhi, analipa kwa usiku.

Mabadiliko makubwa ya nishati katika Ziwa Mweru yamekwisha kutokea basi, kutoka mafuta hadi betri, na yaliongozwa na watu ambao mjadala wa magari unawataja kama wasioweza kuyamudu. Swali lililobaki ni kama betri itahama kutoka kwenye taa hadi kwenye gurudumu na kwenye mashine ya mashua.

Kwenye gurudumu hesabu haina fumbo. Pikipiki ya kawaida ya petroli, ya cc 125, hunywa kati ya lita 2 na 2.5 kwa kilometa 100. Kwa Kwacha 30 kwa lita, hiyo ni Kwacha 60 hadi 75. Pikipiki ya umeme huhitaji uniti 3 au 4 kwa mwendo uleule, kwa kuwa injini ya petroli hugeuza kiasi cha robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo na iliyobaki hutoka kama joto, wakati mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya inachopewa. Hata mwendeshaji akitozwa Kwacha 5 kwa kila uniti kibandani, atalipa Kwacha 15 hadi 20. Hana haja ya kubadilisha oili wala plagi.

Akitaka kuikwepa ZESCO kabisa? Paneli mbili za wati 400, zikipata jua la nguvu kwa saa tano, hutoa uniti 4; toa kinachopotea njiani, zibaki 3. Hizo ni kilometa 75 au zaidi kila siku ya jua, kutoka kwenye bati la nyumba ya kawaida. Mwenye bodaboda wa mji mkubwa anayekimbia zaidi ya hapo ataongeza paneli. Na paneli zinakuja: kwa takwimu za taasisi ya Ember, Afrika iliagiza kutoka China paneli zenye uwezo wa takribani gigawati 15 katika miezi 12 iliyoishia Juni 2025, ongezeko la asilimia 60, na Zambia ni miongoni mwa nchi ambazo uagizaji wake uliruka mara kadhaa baada ya mwaka wa giza. Watu walipozimiwa umeme hawakuukimbia. Walikwenda kuutafuta juani.

Ukanda wetu umekwisha kutoa mifano isiyo ya kubuni. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuweka pikipiki za umeme barabarani, zikibadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache; na tangu Januari 2025 Rwanda imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria jijini humo. Rwanda ni nchi ya vilima, na umeme wake si wa kujivunia kwa wingi. Nairobi ina mabasi ya BasiGo tangu 2022 na pikipiki za Roam zinazoundwa hapohapo. Ethiopia ilichukua hatua ambayo hakuna nchi nyingine duniani ilikuwa imeichukua: Januari 2024 ilizuia kuingizwa kwa magari ya abiria ya petroli na dizeli. Sababu ya Addis Ababa haikuwa mapenzi ya teknolojia. Nchi ilikuwa inakosa dola za kununulia mafuta, huku mabwawa yake yakizalisha umeme unaolipiwa kwa birr. Zambia, yenye deni la nje lililoisumbua miaka mingi, ina kila sababu ya kuielewa hesabu hiyo.

Majini mambo ni magumu zaidi, na mtetezi wa umeme anayelificha hilo anawakosea wavuvi. Chombo kinachosukuma maji hakipumziki kama pikipiki inayoteremka mlima. Mashine ya nguvu farasi 15 ni kilowati 11. Ikikimbizwa kwa saa nzima inataka betri kubwa, nzito na ya bei kali. Mashua ndefu za biashara zinazovuka kati ya Nchelenge na upande wa Kongo zikiwa zimejaa watu, unga na sabuni hazitaacha petroli kesho. Mweru ina mawimbi ya kuua, hasa pepo za kusini-mashariki zinapovuma katika kiangazi, na chombo kinachoishiwa nguvu katikati ya ziwa ni jambo la roho za watu.

Ila uvuvi mwingi si safari hizo. Ni mwendo mfupi wa kutoka mwaloni hadi penye nyavu na kurudi, kwa kasi ndogo, chombo chepesi, kila siku njia ileile. Hiyo ndiyo kazi ambayo mota ndogo ya umeme inaimudu. Kwenye Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kampuni ya Asobo huwakodisha wavuvi wa sangara mashine za umeme pamoja na betri zake, wakilipia matumizi badala ya kununua. Na Mweru ina bahati yake. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Miezi hiyo mitatu ndiyo ya mvua nzito, mawingu mazito, jua hafifu kwa paneli. Ziwa linapohitaji nguvu kidogo kuliko wakati wowote, ndipo jua linapotoa kidogo kuliko wakati wowote. Na wakati mashine ya petroli inapokaa kibandani ikishika kutu kwa miezi mitatu, betri inaweza kupelekwa nyumbani ikaendesha friji, kinyozi, taa za darasa. Hakuna mhandisi aliyepanga ulingano huo. Umetoka kwenye sheria ya samaki na kalenda ya mvua.

Malori ya samaki ya kwenda Kitwe na Kasumbalesa yatabaki na dizeli kwa miaka, na hakuna haja ya kudanganyana. Hakuna aliyeombwa kubadilisha vyote kwa siku moja.

Kipingamizi cha kweli si "utachomeka wapi". Ni "utalipa nini siku ya kwanza". Pikipiki ya umeme hupunguza gharama ya kila siku lakini betri yake hudai fedha mwanzoni, na mtu anayeishi kwa mapato ya usiku mmoja hana fedha ya mwanzoni. Petroli, pamoja na ughali wake wote, inauzwa kwa chupa. Hiyo ndiyo siri ya nguvu yake kwa maskini: humruhusu alipe ghali kidogokidogo maisha yake yote. Ndiyo maana kukodisha betri, kama Kigali na Mbita, ni jambo kubwa kuliko ubora wa mota yenyewe. Benki na vyama vya ushirika vinavyokopesha nyavu vinaweza kukopesha betri. Serikali, ambayo imepunguza ushuru wa vyombo vya umeme, imenufaisha zaidi wenye uwezo wa kuagiza gari zima. Kibanda cha kuchajia mwaloni hakijapata mtetezi. Na viwango vinahitajika: betri mbovu zinazokufa baada ya mwaka zitawafukuza watu kwenye umeme kwa kizazi kizima, kisha ziachwe zikivuja kwenye mchanga wa ufukwe ule ule wanakochota maji.

Kuna hoja nyingine, ya kimaadili, inayostahili uzito wake. Husemwa kwamba gari la umeme lina damu: kobalti ya Kongo, watoto mashimoni, mito iliyotiwa sumu Kolwezi na Likasi. Ni kweli kwamba Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na ni kweli kwamba uchimbaji huo umeumiza watu. Kashikishi haiyasikii mambo hayo kwa redio tu. Kiswahili cha Katanga kinasikika sokoni kwake, na kambi ya Mantapala, iliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, imejaa watu waliokimbia vita vya upande wa Pweto na Moba.

Lakini kumbukumbu ya ziwa ni ndefu kuliko mtindo wa magari. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mji wa Kilwa, upande wa Kongo. Jeshi la serikali liliurudisha mji huo na kuua watu zaidi ya 70, baadhi yao wakipigwa risasi bila kesi. Magari ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na fedha Dikulushi karibu na hapo, yalitumiwa na wanajeshi. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa amri. Wakimbizi walivuka ziwa kuja Zambia. Madini ya Dikulushi nayo yalivuka ziwa hilohilo, kwa tishari, yakashushwa Nchelenge na kupakiwa malori. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ya Kongo iliwajibika, na kuagiza fidia ya dola milioni 2.5 kwa wahanga waliofungua shauri.

Mwaka 2004 magari ya umeme yalikuwa machache mno duniani. Shaba ile ilikuwa ya nyaya, mabomba na mitambo ya dunia ya petroli. Waliouawa Kilwa hawakuuawa na betri, na wasingeokolewa na mtu yeyote aliyeapa kuendelea kuendesha gari la petroli. Waliponzwa na jeshi lisilowajibika, na kampuni na serikali zilizojali shehena kuliko watu. Mambo hayo hayatibiwi kwa kuchagua aina ya injini. Zaidi ya hapo, kobalti imekuwa ikitumika kwa miongo mingi katika kuondoa salfa kwenye mafuta yenyewe, jambo ambalo wenye huruma ya ghafla kwa Kolwezi hawalitaji. Na betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe, kufikia mwaka 2024 zilikuwa zimechukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Baadhi ya pikipiki mpya za umeme zinazoingia Afrika Mashariki zinatumia hizo.

Mtu anayejali watu wa Katanga kwa dhati ana pa kuanzia. Adai majina ya wanaonunua madini. Adai fidia ya Kilwa ilipwe. Adai kwamba makubaliano ya Aprili 2022, ambayo Zambia na Kongo zilitia saini Lusaka ili kujenga pamoja mnyororo wa kutengeneza betri, yasiishie kwenye picha za marais. Gari la umeme lina shaba kilo 80 hivi, karibu mara nne ya gari la petroli. Shaba hiyo imekuwa ikipita bonde la Luapula tangu siku za misafara ya Msiri, mtawala wa Katanga, na ya Kazembe ikielekea pwani, na kwa karne nzima na nusu mji wa mwaloni umebaki mahali pa kupitishia mzigo. Kulikataa gari linalohitaji shaba hiyo, kwa jina la kuwahurumia walioichimba, ni kuwanyima watu wa ukanda huu nafasi ya kwanza ya kutumia walichotoa wenyewe.

Kwa hiyo anayeuliza "utachomeka wapi" apelekwe Kashikishi saa moja jioni, mwezi ukiwa haujatoka, aone wavuvi wakibeba betri mabegani kuelekea mashuani. Kisha aulizwe yeye: kibanda kilichochaji taa hizi kinakosa nini ili kichaji pikipiki ya mchuuzi anayesubiri samaki asubuhi? Kinakosa paneli zaidi, chaja kubwa kidogo, na mtu wa kukopesha. Halmashauri ya Nchelenge inakusanya ushuru wa samaki. Sehemu ndogo ya ushuru huo inaweza kujenga kibanda kimoja cha majaribio, chini ya chama cha wavuvi, katika miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa, watu wakiwa nyumbani na mikono ikiwa na nafasi. Kianze na pikipiki kumi na mashine tano ndogo za mashua. Tarehe 1 Machi ziwa likifunguliwa, kianze kuandika daftarini, mbele ya macho ya kila anayepita, uniti zilizouzwa na lita za petroli ambazo hazikununuliwa, usiku kwa usiku, hadi Agosti pepo za kusini-mashariki zikiwa zimekwisha kuijaribu kila mashine.